Protini za kunata za Anaplasma marginale

Protini za kunata za Anaplasma marginale ni protini zilizo kwenye uso wa nje wa bakteria huyo, ambazo humwezesha kushika chembe nyekundu za damu ya ng'ombe na kuingia ndani yake. Bakteria huyo husababisha ndigana baridi (anaplasmosi), ugonjwa wa kupe unaosumbua wafugaji Tanzania, wakiwemo wa Shinyanga na Geita. Usichanganywe na ndigana kali, inayosababishwa na Theileria parva ambaye si bakteria. Dawa ya mmoja haiutibu mwingine.

Arnold Theiler ndiye aliyemweleza kijidudu huyo, nchini Afrika Kusini mwaka 1910. Kwa hadubini aliona nukta ndogo nyeusi ukingoni mwa chembe nyekundu, ndiyo maana ya jina marginale.

Jinsi anavyoshika

A. marginale hawezi kuzaana nje ya seli, hivyo asiposhika hana maisha. Protini mbili zinajulikana zaidi: MSP1a na MSP1b. Zote hushika chembe nyekundu za ng'ombe, lakini MSP1a hushika pia seli za kupe. Watafiti waliweka jeni ya MSP1a ndani ya Escherichia coli, bakteria wa kawaida wa maabara, naye akaanza kunata kwenye chembe za ng'ombe.

Ncha ya nje ya MSP1a ina kipande cha asidi amino zipatazo 30 kinachojirudia. Idadi ya marudio hutofautiana kati ya aina moja ya bakteria na nyingine. Asidi amino moja tu, ya nafasi ya 20, inaweza kuamua kama kipande kitashika seli ya kupe au la.

Akishashika, utando wa chembe hubonyea na kumfunika kama kifuko. Humo hugawanyika mpaka wawe wanne hadi wanane, kisha hutoka bila kuipasua chembe. Kinachopunguza damu ni bandama, ambayo huziondoa chembe zilizoambukizwa. Kwa hiyo ufizi wa mnyama huwa mweupe au wa manjano, lakini mkojo hauwi mwekundu kama katika babesiosi.

Kinga

Antibodi zinazoifunika MSP1a huzuia kwa kiasi fulani kunata, na hapo ndipo wazo la chanjo lilipotoka. Ugumu ni kwamba marudio yake hayafanani kila mahali, na protini nyingine za uso, MSP2 na MSP3, hubadilika ndani ya ng'ombe yuleyule. Aliyepona kwa kawaida hubaki na bakteria kwa muda mrefu, mara nyingi maisha yake yote. Chanjo hai ya Anaplasma centrale, jamaa yake mpole, imetumika Afrika Kusini, Australia na Israeli.

Ndama huugua kidogo kuliko ng'ombe wakubwa. Zebu wa Usukuma aliyeng'atwa na kupe tangu utotoni, malamboni au kwenye ngitili (malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi), huweza kuonekana mzima huku akibeba bakteria. Ng'ombe wa maziwa aliyekulia mahali pasipo kupe, akiletwa mkubwa Kahama au Geita, hana kinga hiyo na anaweza kufa.

Kupe si njia pekee. Sindano moja ikichoma ng'ombe wengi, au kisu cha kuhasia kisipochemshwa, damu hupita kutoka mnyama hadi mnyama, na protini hizo hushika vilevile.