Kumpima Mzee kwa Insafu

Mkulima wa Othaya apelekaye kahawa yake kiwandani anajua kwamba mizani ikiwa na kasoro, hata karani awe mwaminifu namna gani, hesabu yote iliyoandikwa daftarini ni batili. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa utafiti wa ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, ambao madaktari huuita dimenshia, na ambao Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa umewapata watu zaidi ya milioni 55, wengi wao wakiwa wakazi wa nchi zenye kipato cha chini na cha wastani; kwa kuwa katika nchi hizo ugonjwa huu aghalabu hutambuliwa kwa maswali, na swali ndilo mizani yake.

Kwa miaka mingi mizani iliyoenea duniani ilikuwa mtihani mfupi uliotungwa Marekani mwaka 1975, unaomtaka mzee ataje tarehe na majira ya mwaka, atoe 7 katika 100 na kuendelea kutoa, aandike sentensi moja, kisha anakili mchoro wa pembetano mbili zilizopandana. Sasa mfikirie bibi wa Mukurwe-ini aliyezaliwa mwaka 1945, ambaye alikuwa bado mtoto wa miaka 7 Hali ya Hatari ya wakoloni ilipotangazwa Oktoba 1952, shule huru za Wakikuyu zikafungwa, na mwaka 1954 jamaa zake wakahamishiwa katika vijiji vilivyolindwa na askari. Yumkini hakupata kushika kalamu, wala mwaka kwake haugawanyiki katika majira manne ya Ulaya, bali katika mvua ya njahi ianzayo Machi na mvua ya mwere ianzayo Oktoba. Akishindwa kuzichora pembetano hizo, tumepima maradhi ya akili yake, au tumepima elimu aliyonyimwa?

Swali hilo liliwashughulisha Kathleen Hall, Hugh Hendrie na wenzao wa Indiana, ambao walitunga hojaji nyingine kwanza miongoni mwa Wakrii, wenyeji asilia wa Manitoba, Kanada, kisha wakaitumia Ibadan, Nigeria, kuanzia mwaka 1992. Mzee hatakiwi kusoma wala kuandika: huonyeshwa kiwiko au bega akitaje, hueleza daraja ni kitu gani, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na huambiwa maneno matatu, yaani mashua, nyumba na samaki, ili ayakumbuke baadaye. Kisha jamaa aishiye naye huulizwa peke yake kama mzee amezidi kusahau alikoweka vitu, kama hupotea njia anazozijua tangu zamani, na kama kazi zake za kila siku sasa zinamshinda. Katika sehemu hii ya pili mna insafu kubwa, kwa kuwa mzee halinganishwi na msomi wa mji wa mbali, bali na nafsi yake mwenyewe ya miaka iliyopita.

Hata hivyo mizani hiyo nayo haina budi kurekebishwa kila ipelekwapo, kwani mashua ni kitu kigeni kwa mtu wa mlimani, na samaki hakuwa chakula cha Wakikuyu wa zamani. Kwa sababu hiyo mtu mmoja huitafsiri hojaji, na mwingine asiyeiona asili yake huirudisha katika lugha ya kwanza, ili upotofu wa maana udhihirike mapema. Hojaji ya Kikuyu ilitengenezwa na kujaribiwa kwa wazee wa Nyeri, na mwaka 2010 Hendrie, Raj Kalaria na wenzao walichapisha matokeo yake pamoja na uchunguzi wa jeni ya APOE, inayohusishwa na ugonjwa huu.

Kupata alama chache si kuhukumiwa kuwa mgonjwa. Wapatao alama hizo humwendea daktari, na pamoja nao baadhi ya waliofaulu, ili ijulikane ni wagonjwa wangapi waliopenya mizani bila kuonekana. Kwa njia hiyo ya hatua mbili, watafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakakuta kiwango cha ugonjwa cha asilimia 6.4, na baadaye, katika kipimo kipya kilichotungwa huko, njiti nne za kiberiti za kupanga umbo zilichukua nafasi ya kalamu.

Lakini kupima mara moja huonyesha idadi ya wagonjwa tu. Ni kuwarudia watu wale wale mwaka baada ya mwaka kunakoonyesha nani huugua. Utafiti wa Ibadan na Indianapolis uliochapishwa mwaka 2001 ulibainisha kwamba ugonjwa uliwapata asilimia 1.35 ya Wayoruba wa Ibadan kwa mwaka, ilhali kwa Wamarekani weusi wa Indianapolis ilikuwa asilimia 3.24, tofauti iliyowasukuma wanasayansi kuchunguza chakula, mishipa ya damu na maisha kwa jumla.

Basi vijana wanaosomea uuguzi Tumutumu na Mathari wafundishwe kwamba kuuliza vema ni sehemu ya kutibu. Na familia ya Karatina au Nanyuki inayobishiwa hodi na mtafiti ina haki ya kuuliza kama hojaji ilijaribiwa kwa watu wa kwao, kama mzee anaweza kukataa bila kudhurika, na kama majibu yatarudishwa kwao. Maana mtafiti achukuaye kumbukumbu za wazee ana deni la kuwaletea wauguzaji wao maarifa na nafuu.