Picha za Video na Historia ya Visiwa Vyetu

Kila ifikapo tarehe 12 Januari watoto wa skuli hupita kwa madaha mbele ya viongozi wa nchi. Wanajua kupiga hatua, na nyimbo wamezihifadhi. Lakini ukimwuliza mmoja wao sababu ya Mapinduzi ya 1964 kutokea siku 33 tu baada ya uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963, aghalabu hunyamaza. Lawama si yake. Ni yetu sisi tuliompa sherehe bila ya maelezo.

Kwa hiyo tunaiunga mkono rai ya kuwafundisha watoto wa skuli za msingi historia ya Visiwa kwa picha za video. Chombo hiki si kigeni kwetu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990.

Faida yake ni dhahiri. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. Mtoto akionyeshwa ramani ya majimbo na hesabu ya kura za kila jimbo, atafahamu kwa dakika chache jambo ambalo kwa maneno matupu lingemchosha. Vivyo hivyo mtoto wa Micheweni ambaye hajapata kuvuka bahari ataiona Beit el Ajaib ilivyokuwa tangu 1883, na ilivyoporomoka sehemu yake mwezi wa Disemba 2020.

Hata hivyo, yapo masharti. Wanazuoni wetu hawaipokei hadithi mpaka wajue nani kaipokea kwa nani. Historia nayo istahiki uangalifu huo huo: kila picha iseme imepigwa wapi, mwaka gani, na anayesimulia alikuwa wapi siku hiyo.

Sharti la pili ni ukweli. Tunayatukuza Mapinduzi, na kwa sababu hiyo hatuna haja ya kuyaogopea. Wapo waliopata ardhi na elimu bila ya malipo. Wapo pia waliopoteza jamaa zao, na waliohama wasirudi. Watoto wa pande zote hizo wanakaa dawati moja. Picha itakayowaficha baadhi yao itakanushwa nyumbani jioni ile ile, na mtoto hatamwamini tena mwalimu wake.

Sharti la tatu ni mwalimu mwenyewe. Chuoni mtoto hahesabiwi kuwa amesoma kwa kusikiliza tu. Husoma mbele ya mwalimu naye akamsahihisha. Picha na isimamishwe, maswali yaulizwe, watoto wajibu. Tena tusisahau mwaka 2008, na miezi ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, Unguja ilipokaa gizani kwa kuharibika njia ya umeme kutoka Bara. Kitabu kisiondolewe darasani.

Tunawakumbusha wahusika Serikalini kwamba aliyekuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1964 sasa amevuka miaka 70. Kila mwezi tunawazika mashahidi hao, Unguja na Pemba. Kabla ya kununua mashine nyingi, kwanza wapelekwe watu wenye vinasa sauti na kamera vijijini, wazee wasikilizwe. Mashine itapatikana mwakani. Mzee huenda asipatikane.