Televisheni na Uhai wa Lugha ya Wachache: Mfano wa Kigaeli cha Uskoti

Makala haya yanachunguza nafasi ya televisheni ya umma katika kudumisha lugha yenye wazungumzaji wachache, kwa kuzingatia mfano wa Kigaeli cha Uskoti. Sensa ya mwaka 1891 ilihesabu wazungumzaji zaidi ya 250,000 wa lugha hiyo. Katika sensa ya 2011 walisalia takriban 57,000. Sensa ya 2022 ilionyesha ongezeko hadi karibu 70,000.

Msingi wa utangazaji wa kisasa uliwekwa na Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1990, iliyoanzisha mfuko wa serikali wa kugharimia vipindi vya Kigaeli. Matunda yake yalionekana mwaka 1993 katika tamthilia ya mfululizo *Machair* na kipindi cha *Eòrpa*, kinachochambua mambo ya Ulaya. Hata hivyo, vipindi hivyo vilikuwa wageni katika idhaa za Kiingereza, na saa za kurushwa kwake ziliamuliwa na wenyeji. Hali hiyo ilibadilika tarehe 19 Septemba 2008, ilipozinduliwa BBC Alba, idhaa inayoendeshwa kwa ubia baina ya BBC na MG ALBA.

Kupatikana kwa idhaa, hata hivyo, kumezua swali jingine: idhaa hiyo ni ya nani? Wazungumzaji peke yao ni wachache mno kuhalalisha gharama zake machoni pa walipa kodi. Kwa hiyo huonyeshwa pia michezo, hasa kandanda na raga, ambayo huwavutia watazamaji wasiojua Kigaeli. Na vipindi vingi huambatana na tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha, ambayo mtazamaji hawezi kuiondoa. Watetezi wa utaratibu huu hudai kwamba unaifungua lugha kwa majirani na kwa jamaa waliokwisha kuipoteza. Wapinzani hujibu kwamba jicho hukimbilia lugha iliyo nyepesi kwake, na sikio la mwanafunzi likabaki bila kazi.

Hoja zote mbili zina uzito. Televisheni huipa lugha heshima, ajira na msamiati wa mambo mapya. Lakini haiwezi kuchukua nafasi ya mzazi anayezungumza na mwanawe. Lugha inayosikika sebuleni kutoka kwenye kioo tu, huku walioketi wakijibizana kwa lugha nyingine, imepata watazamaji. Bado haijapata warithi.