Je, Wajua? Simu ya Wi-Fi Si Simu ya WhatsApp

Simu ya Wi-Fi ni simu ya kawaida ya laini ya kawaida, ila sauti yake haipiti kwenye mnara. Inapita kwenye ruta iliyo ndani ya nyumba, inaingia kwenye intaneti, na kufika kwenye mitambo ya kampuni ile ile iliyotoa laini. Namba haibadiliki. Anayepigiwa anaona namba aliyoizoea, hata kama ameshika kitochi kisichojua intaneti ni nini. Dakika zinakatwa kwenye kifurushi kile kile, na kifurushi kikiisha linaliwa salio. Hapo ndipo inapoachana na simu ya WhatsApp, inayodai pande zote mbili ziwe na programu na bando. Kuzichanganya hizi mbili ndiko kunakomfanya mtu aiwashe ya Wi-Fi akitarajia kupiga bure, kisha alalamike kwamba dakika zimeisha, au aizime kabisa bila kuijaribu.

Wilaya ya Ubungo jijini Dar es Salaam, iliyomegwa kutoka Kinondoni mwaka 2016, inaonyesha vizuri kwa nini teknolojia hii inahitajika. Barabara ya Morogoro inapanda kutoka daraja la Kijazi, inapita Kimara, Mbezi na kuelekea Kibamba, na pande zote mbili nyumba zimeteremkia mabondeni: Saranga, Makabe, Msumi, Goba. Mnara uliosimama juu karibu na lami haumwoni aliyejenga chini kwenye mteremko. Kisha kuna nyumba yenyewe. Ukuta wa bloku hunyonya mawimbi kiasi, zege lenye nondo huyanyonya zaidi, na paa la mabati huyarudisha yalikotoka. Matokeo yake yanajulikana na kila mwenye nyumba wa huko: mtandao upo barazani, sebuleni unayumba, chumbani hakuna. Ruta ya Wi-Fi haina tatizo hilo, kwa kuwa tayari iko upande wa ndani wa mabati.

Namna simu inavyoipata kampuni yake ikiwa kwenye Wi-Fi ya watu wengine ndiyo sehemu inayovutia kuliko zote, na ndiyo isiyoelezwa madukani. Kwanza simu inatunga anwani. Mtumiaji haiandiki popote. Inatokana na namba zilizomo ndani ya laini. Katika orodha ya dunia ya mitandao ya simu Tanzania ni 640, Kenya 639, Uganda 641, na chini ya hapo kila kampuni ina namba yake: 02 ni Tigo, ambayo tangu Novemba 2024 inaitwa Yas, 04 ni Vodacom, 05 Airtel, 07 TTCL, 09 Halotel. Kwa hiyo laini yenye 04 inaulizia intaneti anwani hii: epdg.epc.mnc004.mcc640.pub.3gppnetwork.org. Muundo ni huo huo duniani kote, zinabadilika tarakimu tu. Kampuni iliyoweka lango lake hapo inajibu. Isiyoweka haijibu, na simu inarudi kwenye mnara kimyakimya bila kumwambia mwenyewe lolote.

Langoni kuna ukaguzi. Ndani ya laini imo siri ya biti 128 ambayo haitoki kamwe. Hata simu iliyoibeba haiwezi kuisoma. Mtambo wa kampuni unatuma namba ya kubahatisha, laini inaikokotoa pamoja na siri yake, jibu linarudishwa, na mtambo unalilinganisha na hesabu uliyoifanya wenyewe. Laini nayo inaukagua mtambo, isije ikajifungua kwa tapeli aliyejifanya kampuni. Pande zote mbili zikikubaliana, linachimbwa handaki la siri kati ya simu na kampuni, na kila kitu kinapita humo. Anayepiga simu kwa Wi-Fi ya wazi mgahawani hana sababu ya kumwogopa mwenye ruta: mwenye ruta anaona mafurushi yaliyofungwa yakipita kwenye bandari 4500, na hawezi kusikia yanayosemwa.

Sauti yenyewe hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kila sekunde. Kwa mtindo wa ukandamizaji unaoitwa AMR-WB, ukitumika kwa kiwango chake cha kawaida, kipande kimoja kina baiti 33 hivi. Kisha kinaanza kufungwa: karatasi ya kuonyesha zamu yake, ya bandari, ya anwani, halafu ya siri, halafu anwani nyingine juu ya ile siri. Kinapotoka kwenye simu kina baiti 150 au zaidi, kama karanga za mia mbili zilizofungwa kwa gazeti zima. Ndiyo sababu dakika moja ya mazungumzo inakula karibu MB 1, kwenda na kurudi, wakati sauti yenyewe ni kama sehemu moja ya tano ya mzigo huo. Mtu akinyamaza, simu yake inaacha kutuma vipande 50 kwa sekunde, badala yake inatuma alama ndogo ya ukimya kila baada ya milisekunde 160.

Mafurushi hayo hayadai kasi. Mbps 1 inatosha na kubaki. Yanachodai ni kufika kwa mpangilio. Mtoto chumba cha pili akianza kushusha filamu, ruta ya bei rahisi inapanga vipande vya sauti nyuma ya foleni ya filamu, na anayeongea anasikika akikatikakatika ingawa kipimo cha kasi kinaonyesha mtandao mzuri. Kulaumu kampuni ya simu hapo ni kuionea.

Foleni ikiwa safi, sauti ni bora kuliko ya simu ya zamani. Simu ya kawaida ya 2G hubeba mawimbi ya sauti kati ya hezi 300 na 3,400; AMR-WB hubeba kuanzia 50 hadi 7,000. Tofauti inasikika kwenye s, f na sh, herufi ambazo uhai wake uko juu huko, na ndizo zinazopotea mtu anapotajiwa jina au namba ya kumbukumbu ya malipo. Ila upande wa pili nao uwe na uwezo huo. Anayepigiwa kwenye kitochi atasikia kama siku zote.

Teknolojia si changa. Viwango vyake vya kwanza vilitoka 2004 na 2005, T-Mobile ya Marekani ikaanza kuiuza 2007, na 2014 Apple ikaiweka kwenye iPhone kupitia iOS 8. Afrika Mashariki ilichelewa kwa sababu huduma hii inasimama juu ya mitambo ile ile inayobeba simu za sauti kwenye 4G, yaani VoLTE, na kampuni nyingi ziliendelea kwa muda mrefu kurudisha simu za sauti kwenye 2G na 3G. Kinyume chake, kampuni ya Faiba ya Kenya ilipoanzisha mtandao wake wa 4G Desemba 2017 haikuwa na mtandao wa zamani wa kurudia, hivyo mteja ambaye simu yake haikuwa na VoLTE ilibidi apige kupitia programu.

Kuiwasha ni kazi ya dakika mbili, ikiwa kampuni na simu vimekubaliana. Kwenye Android yenye lugha ya Kiswahili njia ni Mipangilio, Mtandao na intaneti, laini husika, kisha Kupiga simu kupitia Wi-Fi. Majina yanatofautiana kidogo kati ya Samsung, Tecno na Infinix, na kwenye Samsung swichi inapatikana pia ndani ya mipangilio ya programu ya kupigia. Kwenye iPhone, ambayo menyu zake hazina Kiswahili, ni Settings, sehemu ya laini, kisha Wi-Fi Calling. Simu yenye laini mbili huwashiwa kila laini peke yake. VoLTE nayo iwashwe, kwa sababu itakayoelezwa. Panapokuwa na chaguo la kipaumbele, anayekaa bondeni achague Wi-Fi kwanza. Anayekaa karibu na mnara aache mtandao wa simu utangulie.

Jaribio la uhakika ni hili: kuweka simu kwenye hali ya ndegeni, kuwasha Wi-Fi peke yake, kusubiri nusu dakika, kisha kupiga namba. Ikiita, huduma ipo. Android nyingi huonyesha alama ya Wi-Fi kando ya kimkono cha simu au maandishi VoWiFi, jina jingine la huduma hii. iPhone huandika Wi-Fi baada ya jina la kampuni. Isipoita, hatua inayofuata ni kupiga 100 na kuuliza mambo mawili kwa majina yake: je, laini hii imefunguliwa VoLTE na VoWiFi, na je, aina hii ya simu imo kwenye orodha ya kampuni.

Orodha hiyo ndiyo kero kubwa. Kampuni za simu huidhinisha aina za simu moja moja, na isiyoidhinishwa haionyeshi swichi hata kama ina kila kinachohitajika ndani yake. Kariakoo, mitaa ya Aggrey na Likoma imejaa simu zilizotumika, nyingi zikiwa zimepitia Dubai na programu za soko la nchi nyingine. Simu nzima, yenye kioo safi na betri nzuri, inafichiwa swichi kwa mstari mmoja wa programu. Muuzaji hajui, mnunuzi anaambiwa simu yake ni ya zamani, na nyingine inanunuliwa. Kampuni kuweka hadharani orodha kamili ya simu zilizoidhinishwa kungegharimu ukurasa mmoja, na kungeokoa vifaa vingi visiishie kwenye droo na majalala.

Upotevu mwingine ni vile visanduku vya kuongeza mtandao vinavyofungwa juu ya paa. Vifaa vya redio vinahitaji idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na kisanduku kisicho na idhini hupaza kelele kwenye masafa yale yale ya mnara, kikawaharibia majirani wote wa bondeni ili mmoja asikike. Wi-Fi iliyo tayari ndani ya nyumba ingemaliza shida hiyo bila kumsumbua mtu.

Si lazima intaneti ya nyumbani iwe ya faiba. Nyumba nyingi Ubungo zinatumia ruta ndogo ya laini, iliyowekwa dirishani panaposhika. Ikiwa ruta ni ya kampuni ile ile isiyoshika chumbani, faida iliyopo ni ile ya dirisha tu. Lakini ikiwa ni ya kampuni nyingine yenye mnara wa karibu, simu ya mteja wa kampuni moja inasafiri kwa mnara wa mshindani hadi kwenye mitambo ya kampuni yake, na lango halijali imepitia wapi. Hapo bando la ruta na dakika za simu vinalipwa vyote viwili, jambo linalofaa kujulikana mapema.

Kuna mipaka ya kweli. Mtu akitoka getini akiongea, Wi-Fi inafifia na simu inajaribu kuhamisha mazungumzo kwenye 4G; VoLTE ikiwa imezimwa, mara nyingi yanakatika palepale, kwenye hatua chache baada ya geti. Umeme ukikatika ruta inazimika wakati mnara una betri zake, na aliyeacha simu kwenye hali ya ndegeni hapatikani tena. Ki-UPS cha volti 12 kinaiweka ruta hewani saa kadhaa. Menyu za nyota kama *150*00# mara nyingi hazifanyi kazi kwa Wi-Fi peke yake, kwa hiyo miamala inafanywa kwa programu ya kampuni. Simu ya dharura kwenda 112 ni heri ipigwe kwa mnara pale mnara unaposhika, kwa kuwa bila mnara mtambo huenda usijue mpigaji yuko wapi. Apigaye kwa Wi-Fi ataje mtaa na namba ya nyumba, ambazo tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 nyumba nyingi zinazo.

Kukatika kwa nyaya za baharini ni jambo jingine. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom ziliharibika kwa pamoja na intaneti ya Tanzania ikadhoofika sana. Simu ya WhatsApp hutegemea mitambo iliyo nje. Simu ya Wi-Fi, ikiwa lango la kampuni liko nchini na mtoa intaneti ameunganishwa na TIX, kituo cha kubadilishana mawasiliano kilichopo Dar es Salaam tangu 2004, haina haja ya kugusa bahari.

Matumizi mengine yako mengi: ofisi za ghorofa ya chini na maghala, vyumba vya ndani vya hospitali na mabweni, kupokea ujumbe wa namba za siri za benki mahali pasiposhika, kuokoa betri inayoliwa na simu inayotafuta mnara usiku kucha, kumpigia mzazi kijijini mwenye kitochi, na, pale kampuni inaporuhusu, kutumia laini ya nyumbani ukiwa Muscat au London, baada ya kuuliza kwanza kama dakika zitatozwa kwa bei ya ndani au ya nje.