Je, Wajua? Siku Mchezo Ulipogoma

Hapa Darajani neno "kugoma" halihitaji kamusi. Punda akisimama katikati ya barabara na gari lake la mbao, madaladala yakipiga honi nyuma yake, utasikia tu: "Kagoma huyo!" Simu ikizima, imegoma. Pikipiki isipowaka, imegoma. Lakini umewahi kusikia ligi nzima ikigoma, tena ile ya wachezaji matajiri kuliko wengi duniani? Sogea barazani, kahawa na kashata juu yako, hadithi juu yetu.

Timu bora iliyoishia njiani

Mwaka 1994 timu ya besiboli ya Montreal Expos, ya Canada, ilikuwa imeshinda mechi 74 na kupoteza 40. Hakuna timu nyingine katika ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini iliyokuwa na rekodi kama hiyo, na wao walikuwa miongoni mwa timu zenye mishahara midogo kabisa. Tarehe 12 Agosti wachezaji wa ligi nzima wakaweka magongo chini, kwa sababu wenye timu walitaka kuweka kikomo cha jumla ya mishahara, na msimu haukuendelea tena.

Zilibaki mechi 48 ambazo hazikuchezwa milele. Expos wakaanza kuuza na kupoteza nyota wao mmoja mmoja, na mwaka 2005 timu yenyewe ikahamia Washington na kubadilishwa jina. Montreal hadi leo wanauliza: "Ingekuwaje?"

Msimu mmoja wao ni mitano yetu

Timu ya besiboli ya ligi hiyo hucheza mechi 162 kwa msimu. Timu ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara hucheza 30. Kwa hiyo shabiki wa besiboli humaliza kwa miezi sita mechi ambazo shabiki wa Yanga angezisubiri kwa zaidi ya miaka mitano! Ndiyo maana mgomo ule ulikula mechi zaidi ya 900 kwa mkupuo, kama mtu aliyefunga duka siku ya mkesha wa Idi.

Vita havikuzuia fainali, mgomo ulizizuia

Fainali za besiboli za Marekani zilichezwa Vita Kuu ya Kwanza ikiwaka, zikachezwa na ya Pili ikiwaka. Mwaka 1989 tetemeko la ardhi lilipiga California dakika chache kabla ya mechi ya fainali kuanza. Wakasubiri siku kumi, wakacheza. Lakini tarehe 14 Septemba 1994 fainali zilifutwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1904.

Mgomo ule ulidumu siku 232. Kwa hesabu za huku kwetu, Maulidi yakasomwa, Ramadhani ikafungwa, Idi ikasherehekewa, na bado watu walikuwa katika vuta n'kuvute.

Ukipata 30 kwa 100, wewe ni bingwa

Shuleni alama 30 zinakuletea maneno nyumbani. Katika besiboli, mpigaji anayefanikiwa mara 3 kati ya 10 ni nyota. Mpira hutoka mkononi mwa mrushaji kwa mwendo unaoweza kupita kilomita 150 kwa saa, kasi ambayo hakuna daladala la Unguja litakalothubutu, na mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua. Aliyecheza rede utotoni anaijua hofu hiyo.

Sasa fikiria Tony Gwynn wa San Diego. Mgomo ulipoanza alikuwa amefikia 394 kwa 1,000. Tangu 1941 hakuna mtu katika ligi ile aliyemaliza msimu na 400. Gwynn alifariki 2014, na swali la zile 6 zilizobaki halikupata jibu.

Wamarekani walifika Unguja kabla ya besiboli kuwa besiboli

Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters kutoka mji wa Salem, alifika Unguja mwaka 1837. Kanuni za klabu ya Knickerbocker ya New York, ambazo besiboli ya leo imejengwa juu yake, ziliandikwa 1845. Yaani bibi wa Kiunguja alikuwa akivaa kitambaa cha merikani kabla Mmarekani hajakubaliana na mwenzake namna ya kukimbia kutoka kituo kimoja hadi kingine! Kitambaa kilibaki katika lugha yetu, gongo halikupata nafasi.

Darajani hakuna daraja, lakini waliovuka hapa waliwahi kuusimamisha mji

Mgeni akishuka Darajani hutafuta daraja, asilione. Jina limetokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, na mkono huo ukafukiwa kidogo kidogo hadi leo tunauza samaki na viatu juu yake.

Wafanyakazi wa Ng'ambo walivuka upande huu kila alfajiri kwenda kupakia na kupakua meli. Agosti 1948 makuli wa kampuni ya African Wharfage waliacha kazi kwa sababu maisha yalikuwa yamepanda bei baada ya vita na ujira haukupanda nayo. Hadi Septemba mgomo ulikuwa umeshaambukiza kazi nyingine za mjini, hata ukaitwa mgomo mkuu. Kiongozi aliyejulikana zaidi alikuwa Abbas Othman. Besiboli iligoma ikiwa na mawakili na kamera. Makuli waligoma wakiwa na mabega yao tu, na meli zikasubiri.

Mgomo uliogeuka riwaya

Wanafunzi wengi wa Kiswahili wameusoma mgomo wa 1948 bila kufungua kitabu cha historia. Adam Shafi, mzaliwa wa Unguja, aliutumia katika riwaya yake *Kuli*, iliyochapishwa 1979, akimfuata kijana Rashidi na wenziwe wa gatini. Ukipita Malindi na kuona wachukuzi wanavyoinamisha shingo chini ya gunia, utajua kwa nini mwandishi alianzia mgongoni.

Uwanja wa mpira uliogeuka bunge

Januari 1947, mwaka mmoja na nusu kabla ya mgomo wa Unguja, karibu wafanyakazi 15,000 wa Mombasa waligoma kwa siku 12. Bandari, reli, hoteli na majiko ya matajiri vikanyamaza. Walikutania wapi? Kwenye uwanja wa mpira wa Majengo, wakaupa jina jipya: Kiwanja cha Maskini.

Chege Kibachia, aliyekuja kuwa sauti ya chama chao, alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa uhamishoni Kabarnet, mbali na bahari. Marekani mgomo uliufunga uwanja. Mombasa mgomo ulihamia uwanjani.

Kugoma si kugomea

Herufi moja inabadilisha mambo. Mwenye kugoma anakataa kazi. Mwenye kugomea anakataa kitu maalumu, na hapo ndipo watani wetu wa jadi walipo mabingwa. Tarehe 8 Mei 2021 mechi ya Simba na Yanga ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga wakafika kwa saa ya zamani, wakapasha misuli, wakaondoka. Tarehe 8 Machi 2025 ikawa zamu ya Simba, waliosema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi.

Mechi zote mbili zilichezwa baadaye, ile ya 2021 mwezi Julai na ile ya 2025 mwezi Juni, na zote mbili Yanga wakashinda. Barazani kwetu kuna wanaosema huo ni ushahidi wa jambo fulani, ila hawajakubaliana ni jambo gani.

Waliogoma wakashinda, waliogoma wakashindwa

Januari 2017, huko Gabon, wachezaji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walisusia mazoezi wakidai posho zao kabla ya mechi yao ya kwanza ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Siku ya mechi wakaifunga Morocco 1–0. Julai 2019, huko Misri, wachezaji wa Uganda nao walisusia mazoezi kwa madai kama hayo kabla ya kukutana na Senegal. Wao wakafungwa 1–0, bao la Sadio Mané. Mgomo, kumbe, haufungi bao wala hauzuii.

Ndege iliyobeba mshahara

Kombe la Dunia la 2014 wachezaji wa Ghana walitaka posho zao mkononi, si kwa ahadi. Serikali ikakodi ndege na kupeleka Brazil zaidi ya dola milioni 3 taslimu, noti juu ya noti, zikasindikizwa na ulinzi hadi hotelini. Siku iliyofuata wakafungwa na Ureno 2–1 na kurudi nyumbani. Yule mzee wa Kiswahili aliyesema "mkono mtupu haulambwi" hakuahidi kwamba mkono uliojaa utafunga mabao.

Mgomo wa kifuani

Wachezaji wa raga wa Kenya, wale wa saba kwa saba, waligoma Paris mwaka 2018 bila kuacha kucheza hata dakika moja. Walifunika tu nembo ya mdhamini kifuani, wakaingia uwanjani wakidai fedha walizosema hawajapewa. Hapo huoni pengo uwanjani, unaona pengo kifuani, na kamera za dunia nzima zinaliona pamoja nawe.

Wagomaji waliogawa saini

Japani wanapenda besiboli kama sisi tunavyopenda kandanda, na kwa miaka 70 wachezaji wao wa kulipwa hawakugoma hata siku moja. Walipogoma mara ya kwanza, Septemba 2004, wakipinga timu mbili kuunganishwa na ligi kupunguzwa, mgomo ulidumu mwisho wa wiki tu, Jumamosi na Jumapili. Na nyota waliyatumia mapumziko hayo kukutana na mashabiki na kuwatilia saini. Kiongozi wao, Atsuya Furuta, alilia kwenye televisheni. Mwaka uliofuata timu mpya iliongezwa, na ligi ikabaki na timu 12.

Mtoto wa Bronx aliyewarudisha uwanjani

Mgomo wa 1994 haukumalizwa na mchezaji wala tajiri. Tarehe 31 Machi 1995 hakimu Sonia Sotomayor, aliyekulia Bronx, mtaa wa New York wenye uwanja maarufu wa timu ya Yankees, alitoa amri dhidi ya wenye timu, na siku mbili baadaye mgomo ukaisha. Mwaka 2009 akaingia Mahakama ya Juu ya Marekani. Mahakamani hakuwa na gongo, lakini pigo lake lilifika mbali kuliko yote ya msimu ule.

Jordan alikataa kuwa mchezaji mbadala

Michael Jordan, mfalme wa kikapu, mwaka 1994 alikuwa akijifunza besiboli katika timu ndogo ya Birmingham, Alabama, na alikuwa mpigaji hafifu: 202 kwa 1,000. Wenye timu walipotaka kujaza viwanja kwa wachezaji mbadala mwanzoni mwa 1995, yeye hakutaka kuchukua nafasi ya waliogoma. Mwezi Machi akarudi kwenye kikapu, akaja kutwaa mataji mengine matatu. Huenda mgomo wa besiboli ndio uliomrudishia kikapu mfalme wake.

Watoto wa Uganda waliokosa msimu bila kugoma

Mwaka 2011 watoto wa timu ya Kampala walifuzu fainali za dunia za besiboli ya watoto nchini Marekani, Waafrika wa kwanza kufuzu. Viza zikakataliwa kwa tatizo la hati za kuzaliwa. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikafuzu, ikasafiri, na ikaifunga timu ya jimbo la Oregon 3–2. Karatasi nazo huweza kukatiza msimu, na hazina chama cha kufanya nacho mazungumzo.

Samaki hasubiri kikao

Hili la mwisho ni la hapa nyumbani. Nenda Darajani wakati wa mnada wa samaki. Dalali anapaza sauti, changu na jodari wamelala sakafuni wakimeremeta maji, wanunuzi wanapandisha bei kwa kidole au kope tu. Jaribu kuusimamisha mnada ule kwa saa sita, jua likipiga, uone nani atalia.

Mshahara uliochelewa unaweza kulipwa baadaye, hata kwa nyongeza. Msimu ni samaki: ukipita saa yake, huna cha kulipa. Ndiyo nguvu ya mgomo wa mchezo, na ndiyo sumu yake. Mwaka 1994 wenye timu walikuwa na akiba na wachezaji walikuwa na akiba. Aliyeuza karanga na soda kwenye ngazi za uwanja hakuwa na akiba, na hakuna aliyemkalisha kikaoni. Siku uwanja wa Amaan ukinyamaza, mtazame muuza njugu wa mlangoni: atahesabu vikaratasi vyake vilivyokunjwa, atajitwika ungo, atarudi Ng'ambo mapema. Yeye peke yake hajagoma.