Usafi wa Chuma Ndio Nguvu ya Kiungo

Kila askari ajua kwamba bunduki husafishwa kabla ya kuhitajiwa, wala si baada ya kukwama. Mbona basi katika karakana twaona chasisi ya lori ikichomelewa ingali na grisi, rangi na kutu? Lori hilo ndilo litakalowapandisha wenzetu milimani.

Tutazame yanayotokea. Moto wa umeme ukipita juu ya mafuta, unyevu au kutu, hutoa haidrojeni ambayo huingia katika chuma kilichoyeyuka. Sehemu ya gesi hiyo huacha vitundu. Nyingine hupenya katika chuma kigumu kando ya kiungo na kukipasua polepole. Ufa huo waweza kujitokeza hata saa 48 baadaye, fundi akiwa amekwisha kusifiwa na gari limekwisha kuondoka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu, hata hivyo, hauzibwi kwa kuongeza chuma juu yake. Sharti uchimbwe wote, na kazi ianze upya.

Heri basi kuuzuia. Kwanza, grisi ifutwe kwa asetoni na kitambaa safi, kisha asetoni iachwe ikauke kabisa, kwani hushika moto upesi. Ndipo rangi na kutu ziondolewe kwa brashi ya waya au jiwe la kusagia, mpaka chuma king'ae yapata milimita 25 kila upande wa kiungo. Brashi ikitangulia, itayaeneza mafuta tu.

Alumini yataka uangalifu zaidi. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, bali utando wa oksidi uifunikao hustahimili zaidi ya nyuzi 2,000. Utando huo usuguliwe kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu, ambayo haijagusa madini mengine.

Tena tujihadhari na dawa za kusafishia zenye klorini. Mvuke wake ukikutana na mwali wa umeme waweza kugeuka fosijeni, gesi ile ile ya sumu iliyotumiwa dhidi ya askari katika Vita Kuu ya Kwanza tangu mwaka 1915.

Kazi ya kitambaa na brashi haina sifa, na rangi mpya ikipakwa hakuna mkaguzi aionaye. Lakini uhai wa waketio nyuma ya lori wategemea dakika hizo chache. Mafundi wa vikosi, tusiwaibie wenzetu dakika hizo.