Kikata siga cha baba mkwe

Msomaji wangu, kuna vitu viwili ambavyo mke wa mtu haruhusiwi kuvigusa bila kuulizwa: simu ya mumewe na vifaa vya tumbaku vya baba mkwe. La simu nilishajifunza zamani. La tumbaku ndilo lililoniponza, tena siku mbili kabla ya Krismasi, kule Mwimbi.

Mimi ni Mchaga wa Marangu, na mnatujua Wachaga na Desemba. Tangu nianze kazi Dar sikuwahi kula Krismasi nje ya Kilimanjaro. Mume wangu ni Mfipa, akavumilia miaka mitatu ya migomba na mbege. Mwaka wa nne akasema basi, mwaka huu zamu ya kwao. Ofisini wakanicheka: "Sumbawanga? Shoga, utarudi kweli?" Utani ule ule wa uchawi ambao kila Mfipa ameshauchoka. Nikanyamaza, nikafunga mabegi, nikamfunga na binti yetu wa miezi kumi (humu nitamwita Neema), tukapanda basi. Mbeya, Tunduma, mpaka Laela. Pale tukashuka, tukatafuta gari la kwenda Mwimbi. Uwanda wa Ufipa mwezi wa kumi na mbili ni kijani kitupu, mvua kila jioni, na baridi ya usiku haina utani. Sikutegemea. Nilikuwa nimebeba magauni ya Dar.

Sasa turudi kwenye kikata siga. Kilianzia kwa bosi wa mume wangu, mtu wa sherehe, mtu wa zile sigara nene za kahawia ambazo wengine huziita biri. Mume wangu akaanza kuvuta naye kimtindo, Ijumaa kwa Ijumaa, na siku moja akarudi na zawadi: kikata siga cha chuma cheupe, kizito, kizuri kuliko pete yangu ya ndoa. Usiniulize nilijisikiaje.

Kwa wasiokijua: ni bati mbili nyembamba zenye tundu katikati, na ndani yake visu viwili vinavyokutana pale kwenye tundu ukivisukuma kwa vidole. Siga haifanani na sigara ya kawaida. Upande wa mdomoni umezibwa kwa kipande cha jani, kama kofia, na lazima uikate, milimita mbili hivi, ndipo moshi upite. Kisu kikiwa butu au kichafu, jani linachanika badala ya kukatika, na siga yote inaanza kufumuka mkononi. Ndiyo maana wavutaji wanakitunza kifaa hicho kama saa.

Nilipopata mimba nilimwambia mwenzangu achague: mashati yanukie siga au yanukie nyumbani. Akaacha. Namsifu hadharani, maana si wengi wanaoweza. Kikata siga kikalala kwenye droo mpaka siku alipokwenda kwao peke yake msibani, akampa baba yake. Mimi nikashangilia kimoyomoyo. Kumbe kilikuwa kinanisubiri Mwimbi.

Mashine ya Dar

Baba mkwe hajawahi kuvuta siga maishani. Yeye ni mtu wa ugoro. Ananunua tumbaku ya kusokota, ile nyeusi iliyoviringwa kama kamba, anaikata vipande, anavikausha juu ya kigae cha moto, anasaga na kuchanganya na magadi. Zamani alikata kwa kisu juu ya ubao. Kikata siga kilipofika, akagundua kwamba msokoto unapita kwenye lile tundu kama vile vilitengenezwa pamoja. Vipande vinatoka sawasawa kama shilingi! Jioni wazee wenzake wanakaa barazani, kila mmoja anaomba akate chake. Wanakiita mashine ya Dar.

Lakini tumbaku ya kusokota ina utomvu. Inanata. Nilipokiona, kile kizuri cha droo yangu kilikuwa cheusi, tundu limezungukwa na gundi, na visu vinakwenda kwa kukwama, kwa kelele. Nikajiambia, hapa ndipo mkwe wa Kichaga anaonyesha kazi. Mzee amelala, mimi nina kikombe cha bati, nina maji, nina ile dawa ya klorini ya kung'arishia nepi za mtoto. Nikamimina bila kupima, nikakizamisha, nikaenda kulala kwa amani.

Asubuhi nakitoa: gundi imelainika kweli, lakini chuma kimeota madoa ya kahawia na vidoti vidogo kama kimeumwa na siafu. Nikashika sufuri ya chuma, nikasugua. Sasa kikawa na mikwaruzo juu ya madoa. Kisu kimoja kikagoma kabisa katikati ya tundu.

Mzee akatoka, akapapasa dirishani, akauliza: "Mashine yangu iko wapi?"

Na mimi, mwanamke mwenye digrii, nikajibu: "Baba, nadhani Neema alikuwa anakichezea."

Uongo wa sentensi moja

Hebu fikiria. Mtoto wa miezi kumi, visu viwili, na utomvu wa tumbaku. Mimi nilidhani nimejinasua, kumbe nimewasha moto. Mama mkwe aliacha unga jikoni, akaja mbio, akamnyakua mtoto, akamfungua mdomo, akamkagua kidole kimoja kimoja, akamnusa viganja. Tumbaku ni sumu kwa mtoto mdogo, hata kipande kidogo tu akikimeza, na yule mama alilijua hilo kuliko mimi. "Ametapika? Amelala vizuri?" Wifi yangu akatumwa kutafuta bodaboda. Mvua inanyesha. Mama mkwe ameshajifunga kanga, Neema yuko mgongoni, safari ya kituo cha afya.

Mume wangu aliniangalia. Alikuwa ameona kikombe. Hakusema kitu, na afadhali angesema.

Nikasema pale pale mlangoni, mbele ya watu wote: "Mama, mtoto hajakigusa. Ni mimi. Nimekiharibu mimi."

Kimya. Mvua tu juu ya mabati. Mama mkwe akamshusha mtoto taratibu, akanipa, akarudi kwenye unga wake. Siku nzima hakunisemesha zaidi ya "lete chumvi". Usiku tuligombana na mwenzangu kwa kunong'ona, maana nyumba ya wazazi kuta zina masikio. Hakuwa na hasira ya kikata siga, aliniambia. Hasira yake ilikuwa mama yake alivyotetemeka mikono. Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Barazani na mzee

Kesho yake alfajiri baba mkwe aliniita barazani. Kwetu mkwe hakai karibu na baba mkwe hivi hivi, na kwao pia niliona wanaheshimiana kwa umbali. Lakini aliniwekea kigoda. Kwenye kitambaa alikuwa ameweka vitu viwili: kikata siga, na kisu kidogo cha zamani chenye mpini wa mti, kimekuwa chembamba kwa kunolewa. Cha baba yake. "Hiki kina miaka kuliko mimi," alisema. "Hakijawahi kulala kwenye maji."

Msomaji, hapo ndipo nilipokumbuka niko wapi. Wafipa ni watu wa chuma. Kabla ya chuma cha kununua kuingia, huku walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma wenyewe kwenye tanuu ndefu za udongo zinazoitwa malungu, nyingine zenye kimo cha kama mita tatu, zinazovuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kushika mvukuto. Kisha chuma kile kilisafishwa mara ya pili kwenye tanuu ndogo, vintengwe, hizo za mvukuto, ndipo mhunzi afue majembe na shoka. Profesa Bertram Mapunda ameandika mengi juu ya kazi hiyo, na mabaki ya malungu bado yamesimama sehemu mbalimbali za uwanda huu. Na mimi nimekuja huku na klorini yangu.

Tulikisafisha pamoja, na nawaandikia hatua zenyewe kwa sababu najua kuna wake wengi wenye kikata siga kwenye droo, na waume wengi wanaodhani kinajisafisha.

Maji yawe ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, basi. Unakizamisha kidogo, unafungua na kufunga visu mara kadhaa humo humo majini ili uchafu utoke kwenye vifereji, ule mjia ambamo visu vinateleza. Mswaki laini wa zamani unatosha kwa nje. Ndani ya vifereji unatumia kijiti cha meno kilichozungushiwa pamba. Utomvu uliokauka hautoki kwa sabuni, huo unataka spiriti. Mama mkwe ndiye aliyeileta, chupa ndogo ya kusafishia vidonda. Aliiweka chini bila neno, akaondoka. Nililipokea kama barua ya msamaha, ingawa labda haikuwa hivyo.

Pamba yenye spiriti unaiacha igandamane na gundi dakika chache, ndipo unafuta. Usikwangue kwa kisu kingine. Visu vya kikata siga vimenolewa kwa pembe nyembamba sana, ukivigusa na chuma kingine umeviua. Mume wangu, mtaalamu wa kila kitu, alitaka kupitisha tupa. Baba yake alimtazama tu, tupa ikarudi kwenye boksi.

Kukausha ndiko wengi wanakokosea. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha kiache wazi mahali pa hewa mpaka vifereji vikauke kabisa. Kinachoonekana kikavu nje kinaweza kuwa na maji ndani. Kisha tone moja la mafuta kwenye kila kifereji, chezesha visu, futa yanayozidi. Mafuta gani? Ya kupikia hapana, yanaganda baada ya muda na kunata kuliko tumbaku yenyewe. Mafuta ya taa hapana, tumbaku inashika harufu na mzee atakunusisha taa mwezi mzima. Kilichofaa ni yale mafuta ya maji meupe yasiyo na harufu wanayouza famasi, parafini ya dawa. Sema "ya dawa", maana kuna muuzaji ukimwambia parafini atakupa ya kuwashia jiko.

Na ukishakata, futa. Kila mara, hata kwa upindo wa leso. Wavuta siga wana tabia ya kuilowesha kichwa kwa ulimi kabla ya kukata, halafu wanampa jirani kikata hicho hicho. Nyie mnaokwenda kwenye hizo Ijumaa za mabosi, mnajua mate ya nani mnabeba?

Klorini ilifanya nini? Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu ndani yake, walau asilimia 10 na nusu, inayotengeneza ngozi nyembamba isiyoonekana juu yake. Ngozi hiyo ndiyo kinga. Klorini inaitoboa, na kutu inaingia kwa vidoti. Sufuri ya chuma nayo inaacha chembe zake zinazooza juu ya chuma kizuri. Vidoti vikishachimbika havirudi. Vya baba mkwe vipo mpaka leo, navihesabu kila nikienda: saba upande mmoja, vinne upande wa pili.

Lakini visu vilitembea. Mzee alipitisha msokoto, akabonyeza, kipande kikaanguka kwenye kitambaa bila kelele. Akakiangalia juani. Akakata cha pili. Kisha akaniambia jambo ambalo mume wangu hakulijua: kwamba alikuwa na kiko, na alikiacha wiki aliyosikia Neema amezaliwa, ili akija asimkoholeshe. Ugoro ulikuwa mapatano yake na nafsi yake. Najua ugoro nao si dawa, una nikotini na una madhara yake, na daktari yeyote atakwambia. Sikumwambia siku hiyo. Mtu aliyetoka kuharibu mashine ya mwenzake hana mdomo.

Krismasi tulikula ugali wa ulezi na migebuka ya ziwani. Mama mkwe aliniwekea kichwa cha samaki, na wifi akaniminya mguu chini ya meza.

Mwezi wa tatu simu iliita nikiwa kazini. Baba mkwe huwa anampigia mwanawe, si mimi, kwa hiyo niliinuka kwa wasiwasi nikaenda kupokea kwenye korido. Akasalimia, akauliza hali ya mjukuu, akakohoa kidogo, akasita.

"Mama Neema," akasema, "yale mafuta yamekwisha."